Arobaini na Wawili Waliokosea

Kwa siku sita jopo la mtaala lilifanya kazi yake vizuri. Walimu wanane, meza moja ndefu, chupa tatu za chai na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Kila kiwango kilisomwa kwa sauti, kikabishaniwa, kikapigiwa kura, kisha aliyekiandika akatia sahihi chini ya ukurasa. Ukurasa usio na sahihi hauendi kwa mpiga chapa. Ndiyo kanuni, na walimu, tuseme ukweli, hawana mali nyingine ya kujivunia zaidi ya kanuni zao.

Siku ya saba akaja Mheshimiwa.

Alikuwa mbunge na makamu mwenyekiti wa kamati ya elimu, mtu wa tabasamu pana na mkono laini. Katika jopo hakuwa na kura. Alikuwa na namba ya simu ya waziri, na hiyo ilitosha kumfanya Mwenyekiti, mkaguzi mstaafu aliyeogopa hata kivuli cha gari la serikali, ampishe kiti chake mwenyewe.

"Endeleeni, endeleeni. Nimekuja kujifunza tu," akasema.

Mkubwa akikuambia amekuja kujifunza tu, shika mfuko wako. Mheshimiwa alivuta kabrasha, akalifungua ukurasa wa thelathini na moja bila kutafuta, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Mwalimu Kamba aliviona vile vidole. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa wake.

Jina la Kamba alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Miaka kumi na minne alikuwa akifundisha hesabu darasa la tano, shule ileile moja, na kila mwaka muhula wa pili aliwatoa watoto nje na kamba yenye fundo kila mita, wakapime uwanja wa shule, urefu na upana, kisha wakokotoe eneo. Watoto waliochoshwa na mistatili ya ubaoni waligeuka wapimaji wa ardhi. Walibishana, walijikwaa, walihesabu mafundo kwa sauti mpaka majirani wakajua muhula wa pili umefika. Sasa alikuwa amekiandika kitu hicho kiwe kiwango cha nchi nzima: mwanafunzi wa darasa la tano apime mwenyewe eneo la mahali anaposoma, na aeleze alivyolipata. Katika yote aliyowahi kuyafanya darasani, hili alilipenda kuliko mengine, na alitaka libaki hata yeye akistaafu.

"Hiki cha watoto kuzurura na kamba," Mheshimiwa akaanza, "mwalimu wangu, kinanitatiza. Shule nyingi za mjini hazina viwanja. Kamba hakuna. Mtoto akivunjika mguu, nani atajibu? Tuwachoree mstatili kitabuni, urefu huu, upana huu, wazidishe, tumalize kazi."

"Mtoto akipewa urefu na upana hajapima kitu, Mheshimiwa. Ameamini tu."

"Na kuamini kuna ubaya gani?"

Wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha kumfurahisha mgeni. Mwalimu wa Sayansi hakucheka. Alikuwa bonge la mtu, ulimi wake upupu, na siku zote sita alikaa kiti cha jirani na Mwalimu Kamba wakila njugu kwenye bahasha moja.

"Kiwango hiki hakikuokotwa njiani," akasema. "Kilijaribiwa darasani mwaka jana. Taarifa ipo humohumo kwenye kabrasha."

Maskini, alidhani anamkinga rafiki yake, kumbe anamsukumia shimoni.

"Ipo," Mheshimiwa akakubali kwa upole. "Nimeisoma. Wanafunzi hamsini. Waliopata jibu sahihi, wanane. Waliokosea, arobaini na wawili. Imesahihishwa na kutiwa sahihi na Mwalimu Kamba." Akainua macho. "Hawa wote wamekosea, mwalimu, na mtoto wa jirani yangu huku mtaani ndiye atakayeweza?"

Kulikuwa na kanuni kwamba kiwango ambacho nusu ya watoto wa majaribio hawakukifikia kinarudishwa kwa mwandishi, na aliyeipendekeza siku ya kwanza, kwa mbwembwe zote, alikuwa Mwalimu Kamba mwenyewe.

"Ni kosa la kamba," akasema, na sauti yake ikamsikitisha hata yeye. "Kamba huvutika ikitumika sana. Mafundo yanaachana, watoto wanahesabu pungufu. Tunaweza kutumia kamba bora."

"Kwa hiyo tununue kamba mpya nchi nzima?"

Safari hii walicheka karibu wote. Mwenyekiti alifuta miwani yake, kisha akatoa uamuzi bila kumtazama mtu usoni. Mwalimu Kamba apewe mpaka kesho saa tatu asubuhi. Alete maelezo ya wale arobaini na wawili, au auondoe ukurasa kwa hiari yake.

Alifika nyumbani saa kumi jioni akiwa amefura kwa hasira. Binti yake, fundi wa nguo, alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, kitambaa cha sare za kwaya kimejaa chumba kizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hiyo marahaba imetoka puani. Nani amekuudhi?"

Alitoa sandukuni madaftari ya darasa la mwaka jana, aliyoyatunza kwa ajili ya jopo, akayamwaga mezani juu ya sare za watu. Alitaka kuona kila mtoto alikosea wapi, aandike maelezo, basi. Akafungua la kwanza. 7,920, alama ya kosa. La pili 8,100, kosa. La tatu 8,000 kamili, kosa. La nne 7,900, kosa. Jibu la mwongozo wake wa kusahihishia lilikuwa 9,600, yaani mita mia na ishirini kwa themanini, kama ilivyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao mkubwa wa maelezo ya shule nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alifika shuleni akaukuta ubao huo, akaliamini jibu lake, na tangu hapo akalitumia kila mwaka.

Alikuwa amefundisha miaka mingi kiasi cha kujua jambo moja: watoto wakikosea, kila mmoja hukosea kivyake. Huyu kasahau kuzidisha, yule kajumlisha, mwingine kahesabu fundo mara mbili. Darasa zima likikosea mahali pamoja, wamenakiliana. Hivyo ndivyo alivyowaambia kila mwaka, na kila mwaka aliwapigisha magoti walionakili.

Lakini jioni ile aliangalia upana. Themanini. Themanini na moja. Themanini. Sabini na tisa. Upana wote ulikuwa sawa, daftari baada ya daftari. Kamba iliyovutika ingepunguza pande zote mbili. Kamba gani hii yenye kuchagua, inayopima upana kwa uaminifu ikifika kwenye urefu inaiba mita ishirini?

Akalifunga daftari taratibu.

"Urefu ni mia," binti yake akasema kutoka kwenye cherehani. Alikuwa ameacha kushona.

"Umejuaje?"

"Mama, nimesoma kwako. Nilipata elfu nane. Ukanipa sifuri mbele ya darasa, ukasema mtoto wa mwalimu wa hesabu mzima anaiga kwa jirani." Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja mvua ya zamani. "Mimi na hesabu tuliachana siku ile."

Mwalimu Kamba alimtazama binti yake, mtu anayekata kitambaa cha watu thelathini bila kupoteza hata kipande cha kiganja, na ambaye kwa miaka mingi yeye mama mtu alikuwa akiwaambia wageni, kwa huruma, kwamba huyu wangu hesabu hazimo. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Vaa viatu," akasema.

Waliazima futi ndefu ya fundi ujenzi wa mtaa wa nyuma, ile ya kukunja kwenye gurudumu, wakaingia uwanjani jua likiwa bado lipo. Binti alishika mwanzo, mama akatembea na gurudumu. Upana, themanini. Urefu ulianzia kwenye ngazi za darasa la kwanza na kuishia kwenye ukuta. Mia moja, na nusu kiganja. Wakarudia, wakapata vilevile. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na safu ya maduka kumi na mawili yaliyotazama barabara. Mwalimu Kamba alikuwa akinunua vocha na sabuni pale tangu ahamie, na ukuta ule aliukuta ukiwa na ukoga tayari. Binti akatoka nje ya geti, akapima kutoka barazani mwa maduka mpaka nyuma. Mita ishirini.

Mwenye maduka hakuwa siri. Picha yake ya kampeni ilikuwa imebandikwa kwenye milango sita kati ya kumi na miwili, na alikuwa anatabasamu.

Muuza vocha alikuwa amesimama mlangoni anawatazama, simu iko sikioni.

Wakati wa kurudi Mwalimu Kamba alisimama mbele ya ubao wa maelezo ya shule. 120 × 80. Ndipo likamwingia lile lililobaki, na lilikuwa baya kuliko yote. Wale wanane aliowapa alama zote, aliowasimamisha wakapigiwa makofi, hawakupima. Walipita hapa, wakasoma ubao, wakaandika. Alikuwa amewapigia makofi walionakili na kuwapigisha magoti waliopima. Kila mwaka. Alikaa kwenye ngazi, binti yake akakaa naye.

Asubuhi Mheshimiwa alikuwa akimsubiri kwenye ngazi za jengo la mitaala, peke yake, bila msaidizi.

"Nasikia jana jioni ulikuwa mazoezini uwanjani."

"Nilikuwa napima."

"Mwalimu, tuongee kama ndugu." Aliteremsha sauti. "Shule yenu inamaliza mwaka bila mwalimu mkuu. Jina lako limetajwa, na mimi sina pingamizi. Kinachotakiwa ni mstari mmoja tu: majaribio hayakufaulu, mwandishi ameondoa ukurasa. Hakuna atakayekuuliza."

"Na uwanja?"

"Uwanja ni habari ya ramani na wanasheria. Mimi nikiulizwa nitaleta ramani zangu, tutavutana miaka kumi, nitazeeka salama." Alimkaribia, na sasa tabasamu lilikuwa limeondoka. "Lakini wewe ukisimama mle ndani ukasema jibu la mwongozo lilikuwa la uongo, umesema nini? Umesema miaka kumi na minne umewakosesha watoto waliopata. Wazazi watauliza. Mwajiri wako atauliza. Wewe utaleta ramani gani?"

Alijua kupiga penye jeraha, huyu bwana. Mwalimu Kamba alipanda ngazi zilizobaki. Mpaka anashika kitasa cha mlango hakuwa ameamua. Mtu asikudanganye kwamba ushujaa huamka nao asubuhi. Alikuwa amebakiza miaka sita kustaafu, na mstari mmoja tu ungemfikisha huko kwa heshima.

Mwenyekiti akatangaza ukurasa wa thelathini na moja. Feni ilikuwa imesimama. Mwalimu wa Sayansi alimsogezea bahasha ya njugu, naye hakugusa hata moja.

Mwalimu Kamba alisimama. Alieleza futi, ukuta, mia moja na nusu kiganja. Sauti ilianza chini ikapanda. Alieleza upana uliokuwa sawa miaka yote na yeye hakuuona. Alieleza wale wanane.

"Taarifa niliyoitia sahihi ni ya uongo," akasema. "Arobaini na wawili walipima wakapata. Wanane ndio waliokosa, kwa sababu hawakupima. Na mimi nilikosa kuliko wote, kwa sababu nilitoa darasa nje miaka kumi na minne nikiwaambia watoto wapime, na mimi mwenyewe sikuwahi kushika ile kamba hata siku moja."

Mwalimu wa Lugha, mama mwenye umri mkubwa kuliko wote, alitia mkono mdomoni. Walimu wote mezani walikuwa wanatazama meza, kila mtu akikumbuka miongozo yake mwenyewe ya kusahihishia, alikoitoa na kama aliwahi kuihakiki.

Mheshimiwa hakutaja ukuta. Alikuwa mzoefu.

"Ndugu Mwenyekiti, mmesikia kwa masikio yenu. Mwalimu ambaye hajui jibu la swali lake mwenyewe. Huyu ndiye awaandikie watoto wetu viwango? Mimi nasikitika sana."

"Sikitika na mita ishirini," Mwalimu wa Sayansi akanguruma.

"Utaratibu!" Mwenyekiti akapiga meza. Alikuwa anatokwa jasho. Alijua kanuni kwa moyo, na kanuni ilikuwa wazi: mwenye taarifa ya uongo hawezi kubaki kwenye jopo. Aliitamka haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mwalimu Kamba aondoke sasa hivi, na mwajiri wake ajulishwe kwa barua. Ukurasa, kwa kuwa hauna tena wa kuutia sahihi, unafutika.

Mheshimiwa akafunga kabrasha.

"Haufutiki," akasema Mwalimu wa Sayansi. "Kanuni inasema mwandishi akiondoka, mjumbe mwingine anaweza kuuchukua ukurasa akiongeza neno lake. Nauchukua. Na naongeza." Alivuta kabrasha, akaandika akisoma kwa sauti, taratibu, herufi kubwa kama za darasa la pili: "Kabla ya wanafunzi kupima, mwalimu atapima kwanza."

Mwenyekiti alimwangalia Mheshimiwa, kisha akaiangalia kanuni. Sijui nini kilimwingia mzee yule. Huenda ni miaka thelathini ya ukaguzi, huenda ni aibu tu. Akaomba mikono inyooshwe. Wajumbe walibaki saba. Mikono minne ilinyooka, wa mwisho ukiwa wa Mwalimu wa Lugha, uliopanda polepole. Mitatu ilibaki chini ya meza.

Mwalimu Kamba aliyaona hayo akiwa mlangoni, mkoba begani. Mheshimiwa alimpita koridoni akiongea na simu, na hakumtazama.

Barua ya kumsimamisha kazi ilikuja wiki ya pili. Uchunguzi ukiendelea, asikanyage shuleni. Kuhusu ukuta, alisikia kwamba kuna kamati imeundwa, na kamati, kama tujuavyo, ina haraka ya konokono. Alikaa nyumbani akimsaidia binti yake kushona vifungo, na kila kifungo alikishona mahali pasipo pake.

"Mimi umeshaniomba msamaha mara tatu," binti akamwambia siku moja, akifumua kifungo cha nne. "Inatosha, mama. Na wale wengine je?"

Wengine walikuwa mamia. Wa jirani kabisa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kwenye kona ya barabara, aliyesoma darasa moja na binti yake. Mwalimu Kamba alikwenda asubuhi, akasimama nje ya kibanda mpaka cheche zikakoma. Kijana yule alivua kinyago, akamwona, akaacha kila kitu na kusimama wima, mikono ubavuni, vilevile kama darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia jambo. Lile swali la uwanja, darasa la tano. Nilikupa kosa. Ulikuwa umepata."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Tulijua, Mwalimu."

"Mlijua?"

"Tulipima mara tatu. Mara ya tatu niliiba futi ya baba, ile ya ujenzi. Ikatoka mia vilevile."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Kijana akatazama chini. Hakuwa na hasira. Ilikuwa ni adabu tu, ileile aliyomfundisha yeye mwenyewe.

"Tulikuja ofisini, Mwalimu. Tulikuwa wanne, na futi tulikuwa nayo."

Mwalimu Kamba aliitafuta siku hiyo kichwani mwake, hakuipata. Kwake yeye ilikuwa siku kama nyingine.

"Nikasemaje?"

"Ulituuliza, kati yetu na ubao wa shule, nani mwongo."

"Mkanijibu nini?"

"Tukasema ni sisi."